Siku Tisini za Hamburg

Nilipoanza kwenda Hamburg kumtazama binti yangu muuguzi, kwa likizo bila malipo niliyokuwa nikipewa na mwajiri wangu, kanuni ya nchi za Schengen ilikuwa kwamba mgeni akae miezi mitatu katika kila miezi sita, nayo miezi sita ikahesabiwa tangu siku aliyoingia mara ya kwanza. Hivyo aliyezipanga tarehe zake kwa utulivu aliweza kuunganisha mwisho wa muhula mmoja na mwanzo wa muhula wa pili, asivunje sheria yoyote, mradi viza yake yamruhusu.

Tarehe 18 Oktoba 2013 hesabu hiyo ikabadilishwa. Tangu hapo, kwa kila siku mgeni aliyomo, hutazamwa siku 180 zilizotangulia, na siku za ukaaji wake ndani ya muda huo zisizidi 90, ya kuingia na ya kutoka zote zikiwamo. Namkumbuka binti yangu mezani jikoni, kalenda kaitandaza, kalamu nyekundu mkononi, akirudi nyuma siku baada ya siku, kisha akaniambia, "Baba, Ijumaa ukilala hapa umeshavuka." Nilimsikiliza, kwani kuvuka huko, hata kwa siku moja, huweza kumfuata mtu katika maombi yake yote ya baadaye.

Wengi hudhani viza ya miaka mingi ni idhini ya kukaa miaka mingi. Sivyo. Tangu Februari 2020, aliyepata viza tatu na kuzitumia kihalali katika miaka miwili hustahiki ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi, kisha ya miaka miwili, hatimaye ya mitano. Lakini hata hiyo ya mitano imefungwa na zile siku 90. Faida yake ni kupunguza taabu ya kurudia tena na tena safari za ubalozi wa Ujerumani ulioko Umoja House, Dar es Salaam, pamoja na taarifa za benki, hati ya dhamana yenye sahihi ya mwenyeji, na ada ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90.

Atakaye kukaa zaidi ya hapo huhitaji viza ya taifa, ya Ujerumani yenyewe, nayo hutolewa kwa kazi, masomo, ndoa na mfano wa hayo. Mzazi wa mtu mzima aghalabu haipati, ila pawe na dhiki isiyo ya kawaida, au mtoto wake awe mfanyakazi mwenye ujuzi aliyepewa kibali cha ukaaji kwa mara ya kwanza tangu Machi 2024. Kwetu sisi, ambao babu na bibi ni walezi wa wajukuu tangu jadi, sheria hiyo ni nzito, nami sioni haya kusema hivyo.

Kwa wazazi wengi, basi, hubaki ile viza ya miaka mitano, na wakati wa kuitafuta ni kabla ya kustaafu. Mtumishi wa umma Tanzania kwa kawaida hustaafu kwa lazima atimizapo miaka 60, na barua ya mwajiri, iliyo ithibati kubwa kwamba msafiri atarejea nyumbani, humalizika siku hiyo hiyo. Basi wewe uliyebakiwa na miaka michache kazini, anza kuomba sasa, viza moja baada ya nyingine, ili kustaafu kukukute unayo ile ya miaka mitano, na pasipoti yako iwe na muda wa kutosha kuibeba.