Madoa ya Kutu Katika Mashua za Ghuba ya Winam

Mashua za zamani katika Ziwa Victoria zilijengwa bila chuma: mbao zilitobolewa kingoni na kushonwa kwa nyuzi za mmea, kama mtepe wa Lamu ulivyoshonwa kwa kamba za makumbi, hivyo fundi hakuwa na kutu ya kuhangaikia. Reli ilipofika Port Florence, yaani Kisumu ya leo kwenye Ghuba ya Winam, mnamo Desemba 1901, bidhaa za chuma zikawa rahisi kupatikana, na kadiri msumari ulivyochukua nafasi ya uzi ndivyo pete nyeusi zilivyojitokeza kwenye mbavu za vyombo.

Pete hizo si kutu ya kahawia inayotoka kwa brashi. Unyevu huyeyusha chuma kidogo kidogo, nacho hupenya kwenye mbao za mvule za chombo na kukutana na tanini, kemikali ya mimea inayotumiwa pia kutengenezea ngozi, kukazaliwa rangi nyeusi yenye usamawati. Ndiyo rangi iliyowapa waandishi wino kwa karne nyingi.

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa randa na msasa, jibu la kusikitisha, kwa sababu doa hushuka na nyuzi za mti kutoka kwenye kichwa cha msumari, na kila anayelifuata humega ubao mzima ulio bora. Dawa ya klorini haifai, kwani haiondoi chuma. Ndimu husaidia kwa doa jipya. Kwa doa sugu hutumika asidi ya oksaliki, chengachenga nyeupe zinazoyeyushwa katika maji ya moto na kupakwa ubao wote ili usibaki na mabaka. Asidi hiyo hukishika chuma, kikayeyuka na kuoshwa kwa maji safi mara kadhaa. Kwa kuwa ni sumu, glavu na miwani ni lazima, na maji ya kuoshea hayapaswi kamwe kumwagwa ziwani.

Hata hivyo, msumari ule ule ukibaki, doa hurudi. Hapo ndipo thamani ya msumari uliopakwa zinki, madini yanayokinga chuma kisishike kutu mapema, inapoonekana: fundi makini hung'oa ule wa zamani, huziba tundu kwa kigingi cha mvule, hukalafati kwa pamba, kisha hupigilia mpya pembeni.