Falsafa Langoni mwa Kiwanda

Mhariri alinipa ukurasa mmoja na onyo: wasomaji wetu husoma wakingoja zamu kwa kinyozi au hospitalini, kwa hivyo Plato asitangulie. Ndipo nilipoamua kwenda Baba Dogo, mtaa wa Nairobi niliokuwa nikiusikia tu vinywani mwa makanga.

Aliyenituma huko hasa ni marehemu Henry Odera Oruka. Mwanafalsafa huyu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyesomea Uppsala na Detroit, hakukubali kwamba mahali ambapo watu hawakuandika vitabu hapakuwa na mtu wa kufikiri kwa kichwa chake mwenyewe. Tangu miaka ya 1970 alikuwa akiwahoji wazee, na mazungumzo hayo yakatoka kitabuni mwaka wa 1990. Aliwatenga mafungu mawili: mzee anayeijua hekima ya jamii yake na kuieleza vizuri, na yule anayeigeukia hekima hiyohiyo akaidai sababu. Mwaka wa 1987 alitoa ushahidi wa kitaalamu katika kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, kesi ambayo magazeti yaliifuata siku baada ya siku. Falsafa ikasomwa na watu waliokuwa wakitafuta tu habari za jana.

Wazee wake wengi walikuwa wa mashambani. Mimi nilitaka wa mjini. Baba Dogo kuna viwanda, penye viwanda pana vibarua, na vibarua hubishania haki kabla ya jua kutoka.

Matatu ilishika barabara ya Thika, ikakata Allsops, na mara ubaridi wa alfajiri ukachanganyika na harufu ya plastiki ya moto. Upande mmoja kuta ndefu na malango ya chuma, upande wa pili ghorofa za kupanga, nguo zimejaa roshanini. Mbele ya lango moja wanaume na vijana walikuwa wamesongamana. Msimamizi akatoka, akanyoosha kidole: wewe, wewe, wewe. Lango likafungwa. Waliobaki hawakupiga kelele. Wengine walikimbilia lango la pili.

Nilikaa kwa fundi wa viatu, mzee aliyewahi kufanya kazi nyuma ya kuta hizo. Nikamuuliza nani alistahili kuchaguliwa.

“Aliyetangulia,” akajibu, macho kwenye soli.

“Basi mzee, anayelala ghorofa ile atatangulia kila siku. Anayetembea kutoka Dandora je?”

Akauma uzi. “Basi mwenye shida zaidi.” Kabla sijasema neno akajipinga mwenyewe. “Lakini shida ataipima nani? Hapa kila mtu ana mtoto aliyefukuzwa shule kwa karo. Ukichagua kwa shida unawafundisha watu kulia. Na mwenye kiwanda anataka magunia yapande lori, hataki hadithi za karo.”

Mchumi Amartya Sen, katika kitabu chake cha 2009, ana watoto watatu wanaogombea filimbi moja: mmoja anajua kuipiga, mwingine hana kitu kingine cha kuchezea, wa tatu ndiye aliyeitengeneza. Kila mmoja ana hoja, na hakuna hoja inayozizima nyingine. Mfano mzuri, ila msomaji wangu ameshawahi kusimama langoni. Filimbi nitampa sentensi moja.

Kilichonisumbua zaidi ni maswali yangu. Peter Bodunrin wa Nigeria alimkosoa Oruka kwamba majibu ya wazee yalivutwa na maswali ya msomi, kwa hivyo fikra hizo ni za nani? Hoja hiyo ina uzito. Lakini waandishi wa majarida tuna dhambi kubwa kuliko ya Oruka: tunafuta swali letu, tunambakiza mzee akitamka methali chini ya picha yake. Niliamua swali la Dandora libaki kwenye ukurasa, msomaji aone nilipomsukuma mzee na alipojisukuma mwenyewe.

Mama muuza uji, aliyekuwa akisuuza vikombe, akatuingilia. “Nyinyi mnagawana hizo nafasi chache. Mbona hamuulizi kwa nini mtu aliyebeba magunia yaleyale mwaka mzima bado ananyooshewa kidole kila asubuhi? Si aandikwe kazi?”

“Akiandikwa, mama, lango limefungwa,” mzee akamjibu. “Huyu wa Dandora ataingilia wapi?”

“Kwa hivyo haki yake ni mwenzake asiwe na kesho?”

Mzee akageuza kiatu, akakigeuza tena. Nilimwona anatafuta. Alianza na zamu, kila mtu na siku yake, akaiacha: zamu inamfaa aliyekwisha kujulikana, mgeni hana siku. Akajaribu kusema vijana ndio wavumilie, mama akamuuliza tangu lini ujana ukawa kosa.

Nilipoaga nilimwambia mzee kwamba neno la mama litakwenda jaridani kama lilivyo.

“Liandike,” akasema. “Lakini andika pia kwamba mimi sijakubali.”