Si Kila Homa Ni Malaria

Ndugu zangu, sisi tuliokulia pwani mwili ukichemka tu twasema malaria. Hapa West Bay, ninakosimamia ujenzi wa maghorofa, mazoea hayo yaweza kuua.

Mwili una rejeta yake: jasho likikauka, joto hutoka. Mwezi wa Agosti unyevu wa bahari hulizuia lisikauke. Kijana huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza. Akipayuka au kuzirai, na joto likapita nyuzi 40, panadol haimsaidii, wala dawa ya malaria. Mtoeni juani, mvueni nguo nzito, mmwagieni maji, mpepeeni, pigeni 999. Kila dakika ina thamani.

Tangu 2021 sheria ya Qatar inakataza kazi za juani saa 4 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, Juni 1 hadi Septemba 15. Msimamizi akikuhimiza uendelee, kumbuka sheria iko upande wako.

Lakini ukirudi kutoka likizo nyumbani ukashikwa na homa, hata wiki kadhaa baadaye, mwambie daktari ulikotoka. Usipomwambia, huenda asiiwazie malaria kabisa, na safari hii ikawa ndiyo yenyewe.