Ruhusa Isiyorudi

Wazee wa Isiolo wakisimulia safari za ujana wao, hadi leo husema walikuwa "wakienda Kenya", maana yake wakishika njia ya Nanyuki hadi Nairobi. Mgeni hudhani ni utani. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya mwaka 1902, na baada yake Sheria ya Wilaya Maalumu ya mwaka 1934, ziliifunga kaskazini yote mithili ya boma la mtu: huingii wala hutoki bila kibali cha serikali, na Isiolo ndiyo iliyokuwa lango. Siku hizi kuna malango ya aina nyingine, yasiyo na mbao wala askari. Malipo ya kaunti hupitia mfumo wa fedha wa IFMIS, huduma za serikali ziko kwenye tovuti ya eCitizen, na kumbukumbu za ofisi nyingi nchini zinahamia kwenye kile kinachoitwa wingu, yaani kompyuta za kukodi zilizo mbali, pengine ng'ambo. Anayetaka kufungua huulizwa jina na neno la siri, kisha mfumo huamua aone nini na aguse nini. Nayakumbuka malango haya mawili pamoja kwa sababu kasoro kubwa ya lile la kale, ambayo haikuwa upande wa msafiri bali upande wa mwenye lango, inarudiwa na mafundi wa hili jipya: kutoa ruhusa tunajua sana, kuirudisha hatujajifunza.

Wadi ya Wabera, hapa mjini, imebeba jina la Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo. Aliuawa kwa risasi tarehe 28 Juni 1963, pamoja na Chifu Hajji Galma Diida. Miezi sita kamili baadaye, tarehe 28 Desemba, serikali changa ya Kenya ikatangaza hali ya hatari kaskazini. Sababu ilikuwepo, vita vya shifta, wapiganaji waliotaka kaskazini ijitenge na Kenya, havikuwa hadithi. Vikosi vya usalama vikapewa mamlaka ya kukamata, kupekua na kuzuia watu bila kufika mahakamani, na wafugaji wakakusanywa kambini Garba Tulla, Merti na kwingineko. Tazama sasa tarehe zinazofuata. Vita vilimalizwa kwa makubaliano ya Arusha mnamo Oktoba 1967. Hali ya hatari iliondolewa Novemba 1991. Kwa miaka 24 ruhusa iliyotolewa kwa ajili ya vita iliendelea kutumika pasipo vita, na hakuna aliyehitaji kuamka asubuhi aitetee, kwa kuwa ruhusa iliyokwisha kutolewa haidai utetezi, inakaa tu. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1970, Bunge lilipitisha Sheria ya Kinga, iliyoitaja Isiolo kwa jina, ili ofisa asishtakiwe kwa aliyoyatenda huku kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Mamlaka yalikosa mwisho, na walioyatumia wakakosa wa kuwauliza.

Upande wa kompyuta, fikra sahihi ilikuwepo mapema. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kwamba kila mtumiaji na kila programu apewe ruhusa chache kabisa zinazotosha kazi yake, na kwamba kisichoruhusiwa waziwazi kihesabiwe kimekatazwa. Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn wakaongeza jambo ambalo kwangu ndilo badiliko kubwa kuliko yote: ruhusa isifungwe kwa mtu, ifungwe kwa nafasi ya kazi. Mhasibu huidhinisha malipo kwa sababu ni mhasibu. Akihamishwa, anaiacha ruhusa mezani kama anavyouacha muhuri. Ukiipima na lango la Isiolo, lililomwuliza msafiri asili yake kabla ya shughuli yake, utaona ni hatua ndefu.

Lakini biashara ya wingu haikuanzia hapo. Amazon ilipofungua huduma zake za kukodisha kompyuta mwaka 2006, mteja alipewa akaunti na funguo zake, na mwenye funguo hizo alikuwa mwenye kila kitu. Kampuni ya watu kumi iligawana funguo zilezile. Ni mwaka 2011 ndipo chombo cha kugawa ruhusa kwa watumiaji na makundi kilipotolewa kwa wote: nani, afanye nini, juu ya kitu gani, kwa sharti gani. Google nayo ilikuwa na nafasi tatu pana, mmiliki, mhariri na mtazamaji, na ingawa leo kuna nafasi nyingine nyembamba kwa mamia, hizo tatu bado hupendwa, maana ni rahisi kubofya. Hapo ndipo mazoea yanapoishinda elimu. Karani anapewa "uhariri" wa mfumo mzima ili atengeneze ripoti moja. Ripoti inakwisha, uhariri unabaki. Anahamia idara nyingine, anaongezewa ruhusa za huko juu ya zile za awali, na baada ya miaka mitano karani huyo ana uwezo mkubwa kuliko bosi wake, bila mtu yeyote kuamua hivyo.

Madhara yameonekana. Mwaka 2019 data za watu zaidi ya milioni 100 wa benki ya Capital One ya Marekani ziliibwa kutoka kwenye wingu. Kosa katika mpangilio wa kinga lilimpa mwizi nafasi ya kuingia, lakini kilichomwezesha kuondoka na mzigo wote ni ruhusa iliyopewa seva, pana kuliko ilivyohitaji. Hapa Kenya, katika sakata la fedha za Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) la mwaka 2015, lililohusu shilingi milioni 791, mabishano yalizunguka swali la nani hasa alitumia neno la siri la ofisa katika IFMIS. Mfumo ulijua jina lililoingia. Haukujua mkono.

Najua kuna wasomaji watakaosema ninafananisha visivyofanana: lango la mkoloni na hali ya hatari viliumiza watu wenye damu, na hizi ni akaunti tu. Ni kweli, wala sidai uzito ni mmoja. Ninachofananisha ni tabia ya mamlaka, na tabia hiyo haibadiliki kwa kuwa karatasi imekuwa kioo. Isitoshe, nyuma ya akaunti hizo kuna vipimo vya hospitali, hati za ardhi, na maombi ya kitambulisho ya watu ambao kwa miaka mingi walipitishwa kwenye uhakiki wa ziada kwa sababu ya walikozaliwa. Huku kaskazini, nani anaweza kufungua faili la nani si swali la mafundi peke yao.

Pingamizi zito zaidi ni la vitendo. Ofisi ndogo ina fundi mmoja. Ukimnyang'anya ruhusa kuu, mtandao ukianguka Ijumaa jioni mishahara inalala. Hoja hii nayo ina ukweli, na jibu lake limo ndani ya teknolojia yenyewe. Huduma za wingu hutoa ruhusa za muda, zinazokufa zenyewe baada ya saa chache, na huandika nani alizichukua na alifanya nini. Dharura inapata mamlaka yake yote, ila mamlaka hayo yanazaliwa yakiwa na siku ya kufa na daftari la matendo. Laiti hali ya hatari ya 1963 ingeandikwa hivyo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 tayari inamtaka anayetunza taarifa za watu aweke mipaka ya wanaozifikia. Kinachokosekana ni wa kuuliza. Basi ombi langu ni kwa wawakilishi wa wadi, akiwemo wa Wabera: kila robo ya mwaka, bajeti inapoletwa kukaguliwa, iletwe pia orodha ya wenye ruhusa kuu katika mifumo ya kaunti, isomwe jina kwa jina, na kando ya kila jina pawe na tarehe ya mwisho.