Tezi na Omo

Katika likizo ya mwaka wangu wa pili, niliajiriwa Diani kuzitunza mbao za tanga za watalii. Siku moja, maji yamekupwa, ubao niliouabiri ulipanda mwamba, pezi likavunjika. Ubao usio na pezi haushiki njia. Kusi ilinisukuma kombokombo hadi ikanibwaga ufuoni. Gharama ya pezi jipya ikakatwa katika mshahara wangu.

Pezi hilo lilikataa kuingia katika mfereji wake. Nililipiga msasa kidogo kidogo, nikilijaribu kila mara, kisha nikalikaza kwa skrubu nyuma kabisa. Majini, ubao ulinyooka kama mshale, lakini haukukubali kugeuka.

Baba, mvuvi ambaye hakuwa amesema nami tangu nilipokataa kurithi wavu wake, alikuwa akinitazama kutoka mchangani.

“Hilo si mkuku wa ubao wako, mwanangu? Lilete omo kidogo.”

Nikalegeza skrubu, nikalisogeza mbele kadiri ya upana wa kidole. Ubao ukatii.

Wahenga walinena: kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Jioni ile nilimshikia baba wavu.