Debe la Kushangilia

Nilipoingia kidato cha kwanza mwaka 1991, jambo la kwanza nililofundishwa nje ya darasa lilikuwa mahali pa kusimama. Shule yetu ya kutwa ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka kwetu Mghange. Uwanja wake ulichongwa ubavuni mwa mlima, kama yalivyo mashamba mengi ya Taita: huku ukingo wa udongo mwekundu, kule bonde. Mpira ukipaa uliteremka hadi kwenye migomba ya watu, na mchezo ukasimama mpaka mtu aufuate. Wavulana walicheza. Sisi wasichana tulipanda ukingoni, tukavunja matawi ya mikaratusi, tukafunga leso viunoni, tukaimba.

Niliipenda kazi ile. Siku ambazo ukungu ulishuka kutoka kilele cha Vuria, golikipa haonekani, sauti zetu zilimfikia. Wachezaji wenyewe walituambia kwamba waliposikia vigelegele walijua mpira umekaribia lango la wageni, hata kama hawakuuona. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyewahi kutuuliza kama tungependa kushuka uwanjani. Tulikuwa na mpira wa pete, mara moja au mbili kwa muhula, nguzo zikiwa miti iliyokatwa kichakani. Siku hizo ukingo ulibaki mtupu. Wavulana walikwenda zao nyumbani.

Palikuwa na debe la mafuta ya kupikia ambalo ndilo lilikuwa ngoma yetu. Lilipigwa na mvulana wa kidato cha tatu, na hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa ajabu. Hata katika mwazindika, ngoma ya pepo ya Wataita, niliyoishuhudia utotoni, wazee wa kiume ndio waliokaa kwenye ngoma, na akina mama, nyanya yangu akiwemo, ndio waliocheza mpaka pepo wakatulia. Siku moja mpigaji wetu alishikwa na malaria. Nikaketi, nikalibana debe kwa magoti, nikapiga. Nilikuwa nimeisikiliza midundo ile tangu nikibebwa mgongoni. Mikono ilijua yenyewe. Kipindi cha kwanza hakijaisha, mwalimu mmoja akanijia, akaniinamia na kusema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemficha mwenzake aibu: msichana hapanui miguu mbele ya watu. Nikasimama. Debe likakaa kimya hadi mwisho wa mechi.

Sasa nieleze habari za mwenzangu. Alikuwa mvulana wa darasa letu, jirani yetu huko Mghange, na mabega yake yalikuwa na ngoma ndani yake. Nyumbani kwao, kwenye harusi, wanawake walimwachia nafasi katikati. Shuleni alijaribu mara moja kupanda ukingoni kucheza nasi. Wavulana wenzake walimwita mwanamke muhula mzima. Walilitamka neno hilo kama tusi, nasi wasichana kumi na wawili tukiwa tumesimama pale pale tukisikia. Hata leo nikikumbuka, naona tulitukanwa wote kwa pamoja, yeye na sisi, kwa neno moja.

Mwaka ule ule wa 1991 timu ya taifa ya wanawake ya voliboli ilitwaa ubingwa wa Afrika, na mwalimu mgeni aliyekuwa amehamia kwetu akaamua kwamba wasichana wa milimani nao wana mikono. Alifunga kamba kati ya miti miwili kabla hatujapata wavu. Tulifanya mazoezi kwa sketi za shule, kwa sababu kaptura kwa msichana lilikuwa jambo la kujadiliwa na wazazi, na wazazi walijadili kwa mihula mitatu.

Mwaka 1993 tukashuka Voi kwa mashindano ya wilaya. Anayetoka milimani anajua safari hiyo: unaondoka na sweta, ukifika Mwatate unaivua, ukifika Voi jasho na vumbi vimekuwa nguo ya pili. Wavulana walikuwa wameshatolewa mapema, kwa hiyo lori lilitubeba sisi tu, na mtu mmoja wa kubeba wavu na jerikeni la maji. Tulipouliza kuhusu washangiliaji tuliambiwa hakuna pesa ya dizeli kwa watu wa kuimba. Wavulana walipocheza, pesa hiyo haikukosekana hata siku moja.

Aliyebeba jerikeni ni yule jirani yangu.

Tulicheza na shule ya wasichana iliyokuja na malori mawili ya nyimbo. Wakati huo seti ilikwisha kwa pointi 15, na hukupata pointi ila ukiwa wewe ndiye uliyeanzisha mpira, basi seti moja iliweza kuvutana hadi magoti yakalegea. Seti ya kwanza tuliipoteza bila kusikia jina letu likitajwa na mtu yeyote. Mtu asiyewahi kucheza kwenye uwanja ambao kelele zote ni za mwenzake hawezi kujua ule upweke.

Mwanzoni mwa seti ya pili nikasikia mdundo. Alikuwa amemwaga maji, jerikeni kalipachika kwapani, anapiga na kucheza peke yake kwenye mstari, mabega yakienda. Watu walicheka. Akaendelea. Halafu likatokea jambo ambalo limenifanya niandike haya: wavulana wa shule moja ya bweni, waliokuwa wakingoja mechi yao ya kandanda, wakamsogelea wakaitikia. Walikuwa kikosi kizima cha kushangilia, wanaume watupu, wanatingisha viuno, wanapiga makofi kwa mpangilio, na hakuna aliyewaita wanawake. Kwao hakukuwa na wasichana wa kuwekwa ukingoni, kwa hiyo kazi hiyo waliifanya wenyewe, na waliifanya kwa fahari.

Tuliichukua seti ya pili. Ya tatu tulishindwa, na usiku tukapanda mlima tukiwa tumenyamaza, naye amelala juu ya wavu akiwa amepoteza sauti. Jumatatu aliitwa akaambiwa aache mambo ya kike. Hakushangilia tena mpaka tulipomaliza shule.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba huko Marekani, ambako kushangilia kwa vikosi kumeenea katika shule za sekondari na vyuo, mtu anayetajwa kuwa wa kwanza kuongoza umati kwa mpangilio alikuwa mwanamume, Johnny Campbell, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1898. Kwa miongo kadhaa ilikuwa kazi ya wanaume na heshima yao. Vita vya Pili vya Dunia vilipowachukua vijana, wanawake wakaijaza nafasi, na baadaye watu wakasahau wakaiita kazi ya kike tangu kuumbwa. Niliposoma niliwakumbuka wale wavulana wa Voi.

Mengi yamebadilika tangu wilaya yetu iwe kaunti. Wanawake wa Kenya wamecheza raga kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mwaka 2024 wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walifika Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya, ya kike au ya kiume, kufika Kombe la Dunia lolote. Muhula wa pili mwaka huo nilirudi shuleni kwetu kumtazama binti ya ndugu yangu akicheza beki. Ukingo ule ule. Mwenye ngoma alikuwa msichana aliyevaa suruali ya michezo, kaibana kwa magoti, na hapakuwa na mtu wa kumwinamia. Wavulana waliimba jina la golikipa, msichana wa kidato cha pili, mpaka wakakauka koo.

Lakini niliona pia mvulana mmoja mwembamba akianza kucheza vizuri kweli, kisha mwenzake akamnong'oneza kitu, naye akaingiza mikono mifukoni. Sikuhitaji kusikia neno lenyewe. Msichana amefunguliwa njia ya kushuka uwanjani. Mvulana bado hajaruhusiwa kupanda ukingoni bila kutusiwa kwa jina letu.

Kwa hiyo, mwalimu wa michezo unayesoma haya, ukilisikia neno hilo ukingoni, usipite. Na ukipanga gari la wasichana la kwenda Voi, acha nafasi ya ngoma, na ya yeyote anayejua kuipiga.