Brugge: Piga Picha, Lakini Bisha Hodi

Siku hizi familia nyingi zina mtoto au ndugu anayesoma au kufanya kazi Ulaya, na wako akina mama wanaopata nafasi ya kwenda kuwasalimu. Wakifika Ubelgiji huambiwa, "Usirudi nyumbani kabla hujaiona Brugge." Mji huu uko kaskazini magharibi mwa nchi hiyo, mwendo wa kama saa moja kwa treni kutoka Brussels. Sisi, wanawake wanne wa kikundi cha kuhudumia wagonjwa katika usharika wetu, tuliutembelea kwa siku mbili, kila mmoja na simu yake mkononi. Tunapenda kuwaeleza ni wapi pa kupata picha nzuri na ni saa gani, pamoja na jambo moja ambalo mgeni husahau upesi: nyuma ya madirisha yale mazuri wanaishi watu.

Mji uliohifadhiwa na umaskini

Kati ya karne ya 13 na ya 15 Brugge ilikuwa miongoni mwa miji tajiri ya Ulaya. Utajiri wake ulitokana na vitambaa vya sufu, na bidhaa ziliingia na kutoka kwa njia ya mkono wa bahari uitwao Zwin. Lakini mchanga na matope viliujaza mkono huo mwaka hadi mwaka, na biashara ikahamia Antwerpen. Karne ya 19 ilipofika, Brugge ilikuwa mji wa watu maskini. Fedha za kubomoa nyumba za kale na kujenga mpya hazikuwapo, basi nyumba zikabaki kama zilivyokuwa. Mwaka 2000 UNESCO iliutia mji wa kale katika orodha ya urithi wa dunia. Ndiyo kusema, kile ambacho mababu zao walikihesabu kuwa msiba ndicho kinacholeta wageni leo.

Pa kusimama na kamera

Mahali panapopigwa picha kuliko pote ni Rozenhoedkaai, kwenye kona ya mfereji. Jina hilo latokana na rozari zilizokuwa zikiuzwa hapo zamani. Ukisimama ukingoni utaona nyumba za matofali zikizama majini, na juu yake mnara wa kengele. Nenda alfajiri, kabla mashua za wageni hazijaanza kuyatibua maji, nawe utapata nyumba mbili, ya juu na ya majini. Au nenda jioni taa zinapowashwa na mbingu ingali na buluu kidogo. Egemeza mikono yako ukingoni ili simu isitikisike, na kabla ya yote futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi. Vidole vyetu vina mafuta, na picha nyingi huharibika kwa sababu hiyo tu.

Ukiufuata mfereji utafika kwenye daraja dogo la mawe liitwalo Bonifaciusbrug, nyuma ya Kanisa la Mama Yetu. Wengi hudhani ni la karne nyingi zilizopita, kumbe lilijengwa mwaka 1910. Picha yake haipungui uzuri kwa hilo. Mnara wa kanisa lenyewe ni wa matofali, nao una urefu wa mita 115 na zaidi, hivyo rudi nyuma hatua nyingi kabla hujaupiga. Ndani ya kanisa hilo kuna sanamu ya Mariamu na Mtoto iliyochongwa na Michelangelo, ambayo Wajerumani waliichukua mwaka 1944 na ikarudishwa baada ya vita.

Mnara wa kengele, Belfort, uko katika uwanja wa soko. Una mita 83, na ngazi za kupanda ni 366, nyembamba na za kuzunguka. Ukiwa juu utaona paa nyekundu zimetandazwa kama mkeka. Lakini sisi wauguzi hatuna budi kusema: mwenye shinikizo la damu lisilotulia, maumivu ya magoti au kizunguzungu, akae chini na kuwasubiri wenzake. Uwanja nao una picha zake.

Kwa jioni, tembea hadi Kruisvest, ukingo wa mashariki wa mji, ambako vinu vinne vya upepo vimesimama juu ya vilima vya majani. Jua la kutua huvimulika likitokea upande wa mji. Kimojawapo, Sint-Janshuismolen, kilijengwa mwaka 1770 na hakijahamishwa tangu hapo. Vaeni viatu vya chini, maana barabara za mawe hazina huruma na visigino.

Wodi ya kale

Mbele ya Kanisa la Mama Yetu iko hospitali ya Mtakatifu Yohana, iliyoanza katika karne ya 12. Iliendelea kutibu watu hadi miaka ya 1970, na leo ni jumba la makumbusho. Wageni wengi huenda kuona michoro ya Hans Memling. Sisi tulisimama muda mrefu zaidi mbele ya mchoro wa Jan Beerblock wa mwaka 1778, unaoonyesha wodi yenyewe: vitanda vimepangwa kwa safu na masista wanawahudumia wagonjwa. Hapakuwa na dripu wala sindano za leo, lakini kazi tuliitambua mara moja. Mwenzetu mmoja alisema, "Hawa ni wa zamu yetu."

Ua la wanawake

Kutoka hospitali ni mwendo mfupi hadi Begijnhof. Unavuka daraja na kupita chini ya lango la mwaka 1776, nawe unajikuta katika ua mpana wenye miti mirefu, umezungukwa na nyumba nyeupe. Ua hili lilianzishwa mwaka 1245. Walioishi humo waliitwa Begijnen, wanawake waliojitoa kwa sala na huduma bila kuweka nadhiri za maisha kama watawa. Walijitegemea kwa kazi za mikono, na wengi wa kundi lao katika nchi hiyo waliuguza wagonjwa. Tangu mwaka 1927 wamekaa hapo masista Wabenediktini. Begijn wa mwisho duniani, Marcella Pattyn, alifariki mwaka 2013 katika mji wa Kortrijk.

Majira ya kuchipua ua hujaa maua ya manjano, na picha hapo ni nzuri mno. Lakini vibao vinaomba ukimya, kwa sababu ni makao ya watu na ni mahali pa sala. Zima mlio wa simu, usimwite mwenzako kwa sauti, wala usiwafuate masista na kamera wanapokwenda kanisani.

Dirisha la mtu

Jambo lililotugusa zaidi tuliliona kwenye nyumba za hisani, ambazo wenyeji huziita godshuizen. Ni nyumba ndogo zilizojengwa na matajiri na vyama vya mafundi tangu karne ya 14, ili wazee maskini na wajane wapate pa kulala. Zimebaki zaidi ya makundi 40, na nyingi zingali zinakaliwa na wazee. Milango ni mifupi, kuta ni nyeupe, katikati mna bustani. Kwa kamera hazina mfano.

Tukiwa katika bustani moja tulimwona mgeni amebandika simu yake kwenye kioo cha dirisha. Ndani alikuwapo bibi mzee ameketi mezani kwake. Bibi aliinuka polepole, akashika ukingo wa meza, akavuta pazia. Mgeni akahamia dirisha la pili.

Wapendwa, nani kati yetu hajui uchungu huo? Mama zetu wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar wamepigwa picha na wageni miaka mingi, wakipita na buibui zao au wakiwa barazani, bila kuulizwa lolote. Na katika uuguzi tulifundishwa mapema kwamba mgonjwa hafunuliwi mbele ya watu. Unavuta pazia kwanza, kisha ndipo unamhudumia. Bibi yule ilimlazimu kujivutia pazia mwenyewe, nyumbani kwake.

Baadaye tulimkuta mzee mwingine akimwagilia maua. Tulimsalimu na kumwonyesha simu kwa ishara ya kuomba. Alitikisa kichwa, akagusa uso wake kukataa, kisha akatuelekeza kwenye mawaridi yake, akacheka. Tukapiga mawaridi. Kati ya picha zote tulizorudi nazo, watu wa nyumbani huuliza zaidi habari za hayo maua, kwa sababu yana mwenyewe.

Kwetu hakuna mtu mwenye adabu anayeingia kwa mwenzake bila kubisha hodi, na akinyamaziwa mara tatu, hugeuka akaenda zake. Kamera nayo ni mgeni. Barabara, mifereji na minara ni ya wote, pigeni mpaka mtosheke. Mlango wa mtu, dirisha lake na uso wake ombeni kwanza, na akikataa shukuruni vivyo hivyo. Wafundisheni na watoto, maana wao ndio wenye simu mikononi kutwa. Safari njema kwa yule atakayejaliwa kwenda.